Gemu Bora za Studio Washirika: GoldenEye Inaheshimika, Diddy na Dixie Wanachezeka

Ubishi wa gemu za zamani ukifika kwenye studio washirika huharibika mapema, kwa sababu kila mtu ana hesabu yake ya nani ni mshirika. Basi tuweke mpaka. Studio mshirika ni ile ambayo mwenye konsoli, yaani kampuni ya mashine ya gemu kama Nintendo au Sony, hakuimiliki yote siku gemu ilipotoka, lakini gemu yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya mashine yake tu. Rare ya Uingereza ndiyo mfano kamili. Ndugu Tim na Chris Stamper waliianzisha 1985, Nintendo ikanunua robo ya hisa katikati ya miaka ya 1990, ikapanda hadi asilimia 49, na mpaka Microsoft inakuja kuinunua Septemba 2002 kwa dola milioni 375, Nintendo ilikuwa haijavuka nusu. Naughty Dog nayo haikuwa ya Sony ilipotengeneza Crash Bandicoot, ilinunuliwa 2001.

Kwa mpaka huo, Metroid Prime inatoka nje. Retro Studios ya Austin, Texas, ilishachukuliwa yote na Nintendo miezi kadhaa kabla gemu haijatoka Novemba 2002. Halo pia inatoka, maana Bungie ilikuwa mali ya Microsoft tangu 2000. Anayetaka kuzirudisha azirudishe, ila ajue huo ni ubishi mwingine.

Kipimo chetu ni kimoja: inachezeka vipi leo? Sifa za mwaka 1995 tumeziacha 1995.

Tuanze na inayotajwa kwanza kila mahali. GoldenEye 007 ilitoka Agosti 1997 kwenye Nintendo 64, kaseti ya megabaiti 12, na iliuza zaidi ya nakala milioni 8. Watu huikumbuka kwa skrini iliyogawanywa vipande 4 na marafiki wanne wakiwindana, lakini sehemu hiyo iliongezwa mwishoni kabisa mwa utengenezaji. Ubunifu wake mkubwa uko kwenye misheni za mchezaji mmoja, hasa namna ugumu unavyopandishwa. Gemu nyingi za kufyatua risasi hupandisha ugumu kwa kuongeza damu (uhai) ya adui na kupunguza yako. GoldenEye inakuongezea kazi. Chukua misheni ya kwanza, Dam. Ukiwa ngazi ya Agent kazi ni moja tu, ufike mwisho wa bwawa uruke na kamba. Secret Agent inakuongezea ving'ora vya kuzima. 00 Agent inataka ubandike modemu na unase data pia, na hapo ndipo unagundua kwamba vyumba vya chini ya bwawa ulivyovipita bila kuvitazama vimekuwa nusu ya safari. Ramani moja, gemu tatu.

Na kuna saa. Ukimaliza misheni ya Facility kwa 00 Agent ndani ya dakika 2 na sekunde 5, unafunguliwa msimbo wa siri wa kutokufa. Hapo uhodari na bahati vinakutana: Dr. Doak, ambaye lazima uongee naye, haonekani sehemu moja kila mara. Akitokea pabaya, bonyeza kuanza upya palepale. Kukazana ni kupoteza muda.

Sasa ubaya wake, na ni mwingi. Mlipuko mmoja mkubwa na picha inakatika. Wachezaji wanne wakianza kurusha mabomu, unatazama picha moja moja kama albamu ya harusi. Pedi ya N64 ina stiki moja, kwa hiyo kutembea na kugeuka viko kwenye dole gumba moja, na kulenga kwa makini kunakulazimu usimame. Misheni ya Control inakutaka umlinde Natalya wakati anachezea kompyuta, huku maadui wakizidi kumiminika na yeye akijipeleka mbele ya mtutu wako. Na kwenye vita vya wachezaji wengi, anayemchagua Oddjob ni mtu wa kutiliwa shaka: mhusika ni mfupi, risasi za usawa wa kifua zinapita juu yake. Vijiwe vingi humkataza na vina haki.

Tangu Januari 2023 gemu hii imerudi kwa njia mbili, na hazifanani. Ya Xbox ina picha kali na stiki mbili zilizopangwa vizuri tangu mwanzo, ila huwezi kucheza na mtu aliye mbali. Ya Switch, konsoli ya Nintendo, inaruhusu kucheza kupitia intaneti, lakini vitufe vyake vimekaa ovyo. Dawa yake: ndani ya gemu chagua mtindo wa 1.2 Solitaire, kisha toka uende kwenye mipangilio ya Switch yenyewe, badilisha stiki ya kushoto na ya kulia, na ubadilishane ZL na ZR. Kumbuka kurudisha ukimaliza, la sivyo gemu inayofuata utaicheza kinyumenyume.

Hukumu: GoldenEye ina heshima kubwa katika historia, na ndiyo inayochosha zaidi kuirudia. Mrithi wake, Perfect Dark ya 2000, ameirekebisha mengi, ila kwenye kaseti ya asili ana mtego wake. Bila Expansion Pak, kile kipande cha kumbukumbu ya ziada ya megabaiti 4 kinachochomekwa mbele ya N64, misheni za hadithi zote zimefungwa. Muuzaji anayekuuzia Perfect Dark bila kukuuliza kama unacho hicho kipande, muulize wewe.

Kabla ya N64, Rare walikuwa wameshatikisa SNES, konsoli ya Nintendo iliyoitangulia. Donkey Kong Country ya Novemba 1994 ilichorwa kwenye kompyuta ghali za Silicon Graphics, halafu picha zile zikabanwa ziingie kwenye kaseti ya megabaiti 4. Watu waliduwaa. Ukiicheza leo, mshangao ule haupo tena na unabaki na gemu nzuri ya kati: wahusika ni wakubwa mno kwenye skrini kiasi kwamba huoni mbali, na mabosi wengi ni adui wa kawaida waliolishwa wakanenepa. Mgema alisifiwa kwenye hii.

Kwenye Donkey Kong Country 2: Diddy's Kong Quest, ya 1995, mgema hakutia maji. Hii ndiyo namba moja yetu.

Sababu ya kwanza iko kwenye mwendo. Simama ukingoni na Diddy, mmoja wa nyani wawili unaowachezesha, bonyeza Y. Anabingirika, anatoka nje ya ukingo, na bado anaendelea kubingirika hewani bila kitu chini yake. Kabla hajaanza kuanguka, bonyeza B, anaruka kutoka hapohapo hewani. Umbali unaoupata ni mkubwa kuliko kuruka kwa kawaida, na gemu nzima imejengwa ikijua kwamba kuna atakayeligundua hilo: kuna ndizi na mapipa yamewekwa mahali ambapo mchezaji wa kawaida hafiki. Mwenzake Dixie hana kasi hiyo, lakini ukishikilia Y hewani anazungusha nywele zake na kushuka polepole. Kila mmoja anakufa kwa pigo moja. Aliyebaki anaendelea peke yake mpaka upate pipa la DK linalomrudisha mwenzake. Kwa hiyo kila baada ya sekunde chache unaamua nani awe mbele. Mgeni wa gemu hii amweke Dixie. Anayeijua amweke Diddy, amtunze Dixie kwa pale penye miiba.

Miiba yenyewe ni sababu ya pili. Levo ya Bramble Blast ni msitu wa miiba ambao karibu hugusi ardhi. Unarushwa kutoka pipa hadi pipa. Mapipa mengine yanakurusha yenyewe, mengine yanakusubiri ubonyeze, mengine yanazunguka. Mdundo wa mtunzi David Wise unaosikika pale umetengenezwa kwa kifaa cha sauti chenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, na bado watu wanaupiga upya kwa vinanda hadi leo. Muziki ule unatuliza, wakati levo inakudai utulivu huohuo. Ukikurupuka unaingia kwenye miiba.

Sababu ya tatu ni siri. Vyumba vya ziada vina aina tatu tu: ua wote, tafuta sarafu, kusanya nyota. Kila kimoja kinatoa sarafu iitwayo Kremkoin, ambazo kwa gemu nzima ni 75, na unamlipa mlinzi Klubba 15 kila mara ili akufungulie mlango mmoja kati ya mitano ya dunia ya siri, Lost World. Kuna pia sarafu za DK 40, zilizofichwa kwa uchokozi zaidi. Ukikamilisha kila kitu skrini inaandika asilimia 102. Tofauti na gemu ya kwanza, ambako vyumba vingi vilifichwa nyuma ya ukuta usio na dalili, hapa karibu kila mara kuna kidokezo: ndizi moja iliyokaa peke yake, pipa lililowekwa mahali pasipo na sababu. Ukiona kitu hakina maana, kina maana.

Sasa makosa. Kusevu kunaudhi. Bibi Wrinkly, mwalimu ndani ya gemu, anakusevia bure mara ya kwanza katika kila dunia, baada ya hapo anadai sarafu 2 za ndizi, na shule yake haiko mwanzo wa dunia. Ukiishiwa roho kabla hujamfikia, unarudi pale uliposevu mara ya mwisho. Shauri: ukiingia dunia mpya, usihangaike na siri kwanza. Kimbia mpaka kwa Wrinkly, sevu, ndipo urudi nyuma kutafuta vyumba. Screech's Sprint, yale mashindano ya kasuku katikati ya miiba, imevunja watu moyo, na kwenye Animal Antics ndani ya Lost World sehemu ya kasuku Squawks kwenye upepo ni mbaya zaidi: upepo unabadilika mwelekeo na wewe unapiga mabawa katika uchochoro mwembamba. Usishikilie kitufe. Gusa kwa vipindi vifupi, na upepo ukigeuka acha ukubebe kwanza kabla ya kupambana nao. Anayecheza kwenye Switch anaweza kurudisha muda nyuma, na kwa levo hizo mbili hatumlaumu.

Toleo la Game Boy Advance linasevu popote, lakini rangi zimepaushwa ili zionekane kwenye kioo kisicho na taa, na muziki umepungua mwili. Ikiwa una njia ya kucheza la SNES, cheza la SNES.

Banjo-Kazooie ya 1998 ndiyo inayotufanya tusite, na kwa watu wengi ndiyo namba moja. Dunia 9, kila moja na noti za muziki 100 na vipande 10 vya fumbo viitwavyo Jiggy, pamoja na vingine 10 ndani ya pango la mchawi. Hakuna dunia iliyo kubwa kupita kiasi. Ukisimama mahali pa juu unaona karibu kila kitu, na unajua wapi hujafika. Grant Kirkhope alitunga wimbo mmoja wa pango kisha akaubadilisha vyombo kulingana na mlango ulio karibu yako: ukikaribia dunia ya maji unasikika wa maji, ukikaribia makaburi unasikika wa makaburi. Hubonyezi chochote, muziki wenyewe unakuelekeza.

Kinachoiangusha ni hesabu ya noti. Kwenye kaseti ya N64, ukifa au ukitoka kwenye dunia, noti ulizokusanya hazibaki. Gemu inakumbuka tu rekodi yako ya juu kwa dunia ile. Umekusanya 94, ukaanguka, unaanza na sifuri. Na mlango unaokupeleka kwenye pambano la mwisho unataka noti 810 kati ya 900, kwa hiyo huwezi kulipuuza. Jahannamu ya jambo hili ni chumba cha injini cha Rusty Bucket Bay: vyuma vinavyozunguka juu ya shimo, na shimo lile ni kifo cha moja kwa moja, si kupungukiwa damu. Kifanye chumba hicho kwanza kabisa unapoingia dunia ile, ukiwa huna cha kupoteza. Toleo la Xbox la 2008, ambalo pia limo kwenye mkusanyiko wa Rare Replay wa 2015, limerekebisha: noti ukiiokota umeiokota. Toleo la Switch ni kaseti ileile na adhabu ileile. Kama kasoro hiyo isingekuwepo tangu mwanzo, pengine makala hii ingekuwa na kichwa kingine.

Crash Bandicoot tunaijadili kwa ufupi kuliko umaarufu wake, ingawa kwenye vibanda vingi vya gemu huku kwetu PlayStation ndiyo iliyotawala na Crash ndiye watu wanamjua kuliko nyani wa Nintendo. Ile ya kwanza, ya 1996, ni kazi ya uhandisi ya ajabu: dunia inasomwa kutoka kwenye CD vipande vipande huku unakimbia, kwa sababu haingii kwenye kumbukumbu ya mashine kwa pamoja. Ila inasevu tu ukimaliza chumba cha ziada cha Tawna au ukipata kito, na kito kinataka uvunje masanduku yote ya levo bila kufa hata mara moja. Crash 2 ya 1997 iliondoa karibu upuuzi huo wote. Anza na hiyo. Ukinunua N. Sane Trilogy ya 2017, jua kwamba iliundwa upya na Vicarious Visions, na umbo linalogusa ardhi chini ya Crash ni la mviringo kama kidonge. Ukitua ukingoni unateleza na kuanguka mahali ambapo gemu ya asili ingekushika. Kwenye madaraja ya The High Road utaliona hili mara kumi ndani ya dakika tano. Ruka ukiwa ndani kidogo ya ukingo, au tembea juu ya kamba za daraja kama wanavyofanya wote.

Zilizobaki, harakaharaka. Super Smash Bros. ya HAL Laboratory, 1999, ina wazo bora kuliko gemu yoyote hapa: badala ya mstari wa damu kuna asilimia inayopanda, na kadiri inavyopanda ndivyo unavyorushwa mbali. Lakini yenyewe ni nyembamba, wahusika 12, na gemu iliyoifuata, Melee ya 2001, iliimeza. Star Fox ya 1993, ambayo Argonaut ya Uingereza ilishirikiana na Nintendo na kuitilia chipu ya Super FX ndani ya kaseti, ni ya makumbusho. Picha ni za kuhesabika. Pokémon za kwanza za Game Freak, 1996, hazina mpinzani kwa mafanikio, lakini zimeshonwa kwa uzi mbovu: Focus Energy, iliyokusudiwa kukuongezea nafasi ya pigo kali, inaipunguza.

Farasi asiyetajwa ni Advance Wars ya Intelligent Systems, 2001, gemu ya vita ya kupokezana zamu. Kabla hujapiga, skrini inakuonyesha asilimia ya madhara utakayosababisha. Askari wa miguu wa bei ya 1000 mwenye nguvu 10 anateka mji kwa siku mbili, kwa sababu mji una pointi 20 na kila siku anapunguza sawa na nguvu aliyo nayo. Akijeruhiwa akabaki na 6, ni siku nne. Hesabu yote iko wazi, na ndiyo maana ukishindwa huna wa kumsingizia. Hiyo ni namba mbili yetu, juu ya Banjo. Golden Sun ya Camelot ya mwaka huohuo ni tamu pia, ila kuhamisha kila kitu kwenda gemu ya pili bila waya wa kuunganisha mashine mbili kunadai neno la siri la herufi 260. Nunua waya.

Kwa anayetaka mashine halisi. SNES ya Ulaya inatumia adapta ya volti 9 ya AC, ya Marekani volti 10 ya DC, usizibadilishane. Adapta ya Marekani ni ya umeme wa volti 120, ukiichomeka kwenye 240 ya kwetu imekwenda. N64 ni rahisi zaidi: tofali lake la umeme linachomolewa, na la Uingereza linaingia kwenye mashine ya Marekani bila shida. Kaseti za Ulaya ni za PAL, picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na gemu ambayo haikurekebishwa inakwenda polepole kwa karibu asilimia 17. Stiki ya N64 inasagika kwa ndani. Ikilegea na kutoa unga mweupe, imekwisha. Televisheni ya kisasa iweke kwenye hali ya gemu, maana ikichelewesha picha hata kidogo, mapipa ya Bramble Blast yanakuwa ya kubahatisha.

Diddy's Kong Quest ya bandia zimejaa. Kaseti halisi ya soko la Marekani huwa na namba mbili zilizogandamizwa kwenye lebo, hazikuchapwa kwa wino. Inamisha kwenye mwanga utaziona. Ifungue kwa bisibisi maalum ya milimita 3.8: ubao halisi umeandikwa Nintendo na una alama ya SHVC. Ndani kuna betri ya CR2032 yenye masikio, na za asili zina miaka 30 sasa. Ikipimwa ikawa chini ya volti 2.5, ibadilishe, lakini ujue ukiitoa kila ulichosevu kinafutika. Usiichomee betri yenyewe kwa solda, inaweza kupasuka. Nunua iliyokwisha kuwekewa masikio na uchomee masikio kwenye ubao, upande wa chanya ukiangalia alama iliyochapwa. Mikia ya kaseti, yale meno ya chuma yanayoingia kwenye mashine, isafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kijiti cha pamba, ikauke dakika kadhaa. Kupuliza kwa mdomo ndiko kulikoiozesha mpaka ikafika hapo.